Jimbo la Umbilo na Kura Niliyoirudisha Mlangoni

Siku ya uchaguzi wa kwanza wa jimbo la Umbilo tulikuwa watu arobaini na mmoja katika ukumbi ule wa nyuma ya kanisa, hatua chache kutoka Umbilo Road. Majina yote ninayo, lakini nikiyamwaga hapa mtalala. Nawataja walioshika kazi. Alikuwepo Mwalimu Ezekieli, Mrundi, mkubwa wetu, ndiye aliyetuletea habari ya majimbo. Alikuwepo Mzee Kasimu wa Tanga, muuza viatu, mume wa marehemu shoga yangu Zuhura, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa tukiitana shemeji. Alikuwepo Pasta Elia, ambaye ndiye aliyetuombea ukumbi. Alikuwepo Bahati, fundi cherehani, Mkongomani wa Uvira, wakati huo bado kijana, tulipakana naye chumba kwa chumba. Alikuwepo Mama Furaha, naye wa Uvira, aliyemlea Bahati kule kwao tangu anatambaa ingawa si wa damu moja, na mimi na yeye tulikuwa na mazoea ya kuombana chumvi. Na nilikuwepo mimi, Mwajuma wa Ujiji, mfagia ngazi, niliyewekwa mlangoni kwa sababu moja tu: nilikuwa nawajua wote.

Nyinyi mnaosimamia kura za Umoja siku hizi mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mtavumilia. Vyeo nilivyopewa sitavitaja. Cha mwisho kilikuwa kirefu mno, hata katibu alipokisoma siku ya kuniaga alipumzika katikati akavuta pumzi. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa mlangoni, kumtazama mtu usoni na kusema: huyu ni wetu, huyu si wetu.

Wengi wenu mmeukuta Umoja umeshakuwa mkubwa. Mwanzoni tulikuwa sisi wageni wa mji huu wasemao Kiswahili tu, Wakongomani, Warundi, Watanzania na Wakenya wachache, tuliokubaliana kuzikana, kutembeleana hospitali na kutafsiriana kwa madaktari. Kamati ilikuwa moja, ikichaguliwa mjini, na waliokaa karibu na mjini ndio walioshinda kila mara. Watu wa Jacobs wakitoka viwandani walifika kura zimeshahesabiwa. Ndipo Mwalimu Ezekieli akasimama na kusema tugawane majimbo matatu kwa mitaa tunayokaa, Umbilo, Jacobs na Cato Manor, kila jimbo litoe mjumbe mmoja kila baada ya miaka miwili.

"Ndivyo wafanyavyo Waingereza," alisema. "Jimbo moja, mtu mmoja. Mwenye nyingi ameshinda, hata kama ni kwa kura moja."

Mzee Kasimu akauliza, "Na aliyeshindwa kwa kura moja?"

"Anarudi nyumbani kunywa chai."

Tukacheka. Mwalimu akaendelea kutueleza kwamba huko majimbo huzaliwa, hugawanywa, humezwa na mengine, na kwamba zamani yalikuwepo yaliyobaki na wapiga kura wachache kuliko mbuzi, lakini mjumbe wao bado anakwenda bungeni na kofia yake. Tukacheka tena. Nani angefikiri ya kwetu.

Vifaa vyetu vilikuwa makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyotobolewa kifuniko, pazia la mauamaua, na vifungo vya shati. Karatasi tuliikataa siku ile ile ya kwanza, maana wapo wasiosoma na wapo wanaosoma Kifaransa tu. Bahati alileta vifungo vyeupe vya duka moja, ukubwa mmoja, matundu manne. Kila mpiga kura alipewa kifungo kimoja mlangoni, akaingia nyuma ya pazia, akakidondosha kwenye kopo lenye picha ya mtu wake. Tulisahau kwamba bati lina sauti. Kopo la kushoto lililia kengele, la kulia likalia kengele, na ukumbi mzima ukajua nani kampa nani. Mke wa mtu mmoja, sitamtaja ingawa jina lake ninalo, alikorofishana na mumewe pale pale. Tangu siku hiyo nilitandika ndani ya kila kopo kipande cha blanketi. Hilo mlishike hata kama mnatumia masanduku ya plastiki: kura isisikike ikianguka.

Uchaguzi huo Mzee Kasimu alimshinda Pasta Elia kwa ishirini na saba dhidi ya kumi na tatu. Jumla arobaini. Mimi wa mlangoni sikupiga, ndiyo ilikuwa sheria yetu, na nimeishika mpaka nastaafu. Sijawahi kupiga kura ya Umoja hata moja.

Uchaguzi wa pili Pasta Elia alishinda kwa nne. Katika kopo lake tulikuta vifungo viwili vya buluu. Tukaangaliana. Mwalimu Ezekieli akainua macho polepole, akawapitia wanaume mmoja mmoja, akasimama kwa muumini mmoja wa Pasta ambaye shati lake la buluu lilikuwa wazi mpaka kitovuni.

"Ndugu yangu," akamwambia, "mapenzi yako kwa mchungaji yamekuacha uchi."

Vile viwili tukavitupa, na bado Pasta akashinda. Tangu hapo nilihesabu vifungo mara mbili, vinavyotoka mkononi mwangu na vinavyorudi kutoka kwenye makopo.

Pasta Elia hakukaa sana. Alipata nyumba Jacobs, akahama, lakini kiti cha Umbilo akataka kubaki nacho. Alisema moyo wake uko Umbilo. Kamati ikashikana mashati. Karatasi zisingesaidia, maana nyinyi mnajua karatasi zetu: ya mtu inaweza kuwa na anwani ya rafiki, ya kanisa, au ya nyumba iliyokwisha bomolewa. Watu wetu wanapanga chumba watano, mwisho wa mwezi wawili wanaondoka, watatu wapya wanaingia. Utamjuaje wa wapi? Nguo zake ziko kwa dada yake, sufuria yake iko kwa rafiki yake.

Mwalimu Ezekieli akamgeukia. "Pasta, godoro lako liko wapi?"

Godoro lilikuwa Jacobs.

Ndiyo ikawa sheria yetu, na hamtaikuta kwa Waingereza: palipo na godoro ndipo palipo na kura. Mtu wetu anaazima kila kitu isipokuwa godoro. Akilihamisha, amehama. Kiti kikawa wazi, tukafanya uchaguzi mdogo, Mzee Kasimu akarudi bila mpinzani.

Na hapo kazi yangu ikawa kubwa kuliko mimi. Nilikuwa nafagia ngazi za majengo mawili ambamo nusu ya wapiga kura wa Umbilo walilala. Godoro halifichiki. Linashuka ngazi kama bibi harusi, watu wawili wamelishika, milango yote inachungulia. Nilijua la nani limeingia, la nani limetoka, na la nani limechanika pembeni. Hatukuwa na daftari la wapiga kura. Daftari lilikuwa mimi. Wageni wakija kutoka Jacobs waliambiwa, muulizeni Bibi Mwajuma, na mimi nilijibu bila kusimamisha ufagio. Nilipenda hilo. Siwezi kusema sikulipenda.

Mwalimu aliliona, kwa hiyo alinifundisha. Alikaa nami mlangoni uchaguzi wa tatu wote, yeye na kiti chake cha kukunja. Alisema, "Mwajuma, uliza kwanza. Hata unayemjua, muulize. Ukishauliza, nyamaza mpaka amalize kujibu. Kumbukumbu yako ni shahidi mzuri sana, lakini shahidi hakalii kiti cha hakimu."

Niliitikia, naam Mwalimu. Mambo ya kuitikia ni rahisi.

Kulikuwa na kesi ngumu. Ndugu wawili wa Kirundi, Déo na Salvatori, walifanya kazi kiwanda kimoja Jacobs, mmoja zamu ya mchana, mwingine ya usiku, na walikuwa na godoro moja Umbilo. Anatoka huyu, analala huyu. Wapinzani wakadai godoro moja kura moja. Nami nilitaka kukubali, sheria ni sheria. Mwalimu akawauliza Déo na Salvatori nani ananunua sabuni ya chumba, nani anafua shuka, nani anaugulia wapi. Wakajibu mpaka wakamaliza. Akasema, "Godoro moja, migongo miwili, vifungo viwili." Nikawapa. Mngeona Salvatori alivyokishika kile kifungo, kwa vidole viwili, kama kidonge cha dawa.

Katika uchaguzi wa tatu Bahati aligombea mara ya kwanza, akashindwa na Mzee Kasimu kwa tisa. Hakuna aliyeshangaa. Baada ya hapo Mwalimu Ezekieli akarudi Burundi kwa mwanawe, akaniachia kiti cha kukunja na mlango.

Sasa uchaguzi wa nne. Huu ndio nimekaa chini kuuandika, mengine yote ni kuzunguka.

Mjumbe wa jimbo ndiye aliyepanga watafsiri wa kliniki. Mzee Kasimu alikuwa mtu mwema, lakini aliwapanga wafanyabiashara wenzake, na mfanyabiashara asubuhi yuko kwenye mzigo wake. Wanawake walikaa kliniki tangu saa moja mpaka saa tisa bila mtu wa kuwasemea. Mama Furaha mwenyewe alikaa hivyo, ameshika tumbo, mwishowe akarudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Bahati akaahidi wanawake sita watakaopokezana asubuhi, na majina yao akayasoma. Umbilo ikagawanyika katikati kama embe. Mwisho wa wiki kila mtu alijua kura zitakuwa bega kwa bega.

Jumanne kabla ya uchaguzi nilikuwa ghorofa ya pili na ufagio wangu nikaona godoro la Mama Furaha linashuka. Lilikuwa zuri, zito, la maua ya kijani, limefungwa kamba ya njano. Wanaume wawili wakalipakia kwenye gari, gari likaelekea Jacobs. Jacobs alikuwa akikaa binti yake, Esperansi, aliyekuwa amejifungua wiki ile. Nikajisemea, haya, Mama Furaha kahamia kwa bintiye kulea mjukuu. Miaka yote tunaombana chumvi na hakuja kuniaga. Niliumia. Jumatano sikumwona, Alhamisi sikumwona, Ijumaa sikugonga mlango wake. Ningeweza kugonga. Ulikuwa ghorofa ya nne, na mimi ghorofa ya nne nafagia kila Ijumaa. Siku hiyo nilifagia ngazi, mlango wake nikaupita.

Jumapili alasiri foleni ilikuwa mpaka nje getini. Mama Furaha akafika na kitenge chake kizuri, akanyoosha mkono.

"Bibi, nipatie kifungo yangu."

"Kifungo chako kiko Jacobs."

Akadhani namtania. "Jacobs? Miye niko na kifungo Jacobs?"

"Godoro lako lilishuka Jumanne. Kamba ya njano. Nimeliona kwa macho yangu mawili."

"Ndiyo, lilishuka. Nilimupatia Esperansi. Balimupasua tumbo, hawezi kulala kwa sponji. Miye nalala fasi yangu, hapa hapa Umbilo."

"Unalala juu ya nini?"

"Juu ya mkeka! Sasa juu ya nini, Bibi, juu ya mawingu?"

Foleni nzima ikacheka. Na hapo ndipo nilipoharibika. Sikuwa nimezoea kuchekwa mlangoni pangu. Nikamwambia, "Mtu akihama anaaga."

"Nitakuaga namna gani na sikuhama?"

"Sheria ni godoro, Mama Furaha."

"Panda ukatazame! Mlango iko wazi, mkeka iko pale, sufuria iko pale!"

Kutoka ndani Bahati alisikia. Mgombea haruhusiwi kukaribia mlango, kwa hiyo alipiga kelele kule kule alikokaa: "Bibi, tuma mtu akaone! Ni dakika tano tu!"

Mzee Kasimu akamjibu kabla yangu. "Shemeji anaijua kazi yake."

Kijana mmoja kwenye foleni akasema, "Eish, Bibi, amueni basi, wengine tunaingia kazini."

Ningeweza kumtuma huyo huyo. Ningeweza kusimamisha foleni, nikapanda mwenyewe. Ningeweza hata kumpa kifungo na kusema tutaulizana baadaye. Hayo yote nimeyafikiria sasa miaka mingi. Wakati ule nilifikiria jambo moja tu, kwamba wakiona nimerudi nyuma kwa Mama Furaha, kesho kila mtu atabishana nami. Nikasema, "Anayefuata."

Mama Furaha hakulia wala hakutukana. Alisema, "Sawa. Kura yangu nakuachia wewe, Bibi. Ulale nayo." Akaenda kukaa kwenye ukuta mfupi wa nje, akabaki pale mpaka hesabu ikaisha.

Mzee Kasimu thelathini na nane. Bahati thelathini na saba.

Wangelingana, sheria ilikuwa kurudia Jumapili inayofuata. Dada Hadija wa Mombasa, katibu wetu, mwanamke wa haki, alinijia na daftari lake. "Bibi Mwajuma, yule mama wa mlangoni. Una uhakika amehama?"

"Niliona godoro likishuka."

"Nimekuuliza una uhakika."

"Nina uhakika."

Akaandika. Niliona kalamu inavyokwenda, na neno moja nililisoma herufi kwa herufi, kichwa chini miguu juu: U-H-A-K-I-K-A. Nilikuwa nimemwambia uongo mwenye daftari. Macho yangu yalikuwa yameona godoro, kuhama sikukuona.

Watu walipewa wiki mbili za kulalamika. Bahati alilalamika siku hiyo hiyo. Kamati ikamjibu kwamba neno la mlangoni ni la Bibi Mwajuma, na yeye mwenyewe ndiye angelibadilisha.

Jumatano nikapanda na ndoo yangu mpaka ghorofa ya nne. Mlango wa Mama Furaha ulikuwa wazi. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Chumba kile kile, picha ya Esperansi ukutani, sufuria zake tatu, na pale lilipokuwa godoro pametandikwa mkeka, juu yake blanketi limekunjwa vizuri na mto mmoja.

"Karibu, Bibi," akasema.

Nikavua viatu. Kiti hakikuwepo, nikakaa juu ya mkeka. Yaani nilikaa juu ya ushahidi wenyewe, na mwenye ushahidi akanimiminia chai. Tulizungumza habari za mjukuu, mvulana, ana nywele nyingi. Tulizungumza mvua. Nikanywa kikombe cha kwanza, akaniongezea cha pili. Mwisho nikasema nina ngazi za kumaliza, akasema haya, Bibi, siku njema.

Siku kumi na moja zilikuwa zimebaki za malalamiko. Nilikuwa na miguu, na nyumba ya Dada Hadija naijua. Kila asubuhi nilisema leo. Nataka mlielewe hili vizuri, nyinyi vijana, kwa sababu hamtaambiwa kwenye mafunzo: sikuogopa Mzee Kasimu kupoteza kiti. Yule angerudia uchaguzi huku anacheka. Niliogopa kwamba wakijua kumbukumbu yangu imekosea mara moja, watatafuta daftari, na mimi nitabaki mwanamke mwenye ufagio. Siku ya kumi na moja ikapita.

Nilimpigia Mwalimu Ezekieli Burundi. Nilimsimulia kwa kuzunguka zunguka. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Akajibu?"

"Akajibu, Mwalimu."

"Ukamwacha amalize?"

Nikamwambia mtandao mbaya, simsikii vizuri, nikakata. Nilipokuja kupata moyo wa kupiga tena, simu ilipokelewa na mwanawe, naye akaniambia wameshamzika mzee.

Watu wa Bahati hawakufanya fujo. Waliacha tu kuja. Hii ni mbaya kuliko fujo, nimeiona. Wanaokuja kugombana bado ni wako. Mwezi mmoja mkutano una viti vitupu kumi, mwezi unaofuata ishirini. Mama Furaha hakuja. Salvatori hakuja, nduguye hakuja. Bahati akahamisha cherehani zake na godoro lake Cato Manor, yeye alikuja kuniaga, akasema, "Nimekuja mwenyewe, Bibi, usije ukaambiwa na kamba." Nilicheka pamoja naye, na nilipofunga mlango nikakaa kitandani nikajishika kichwa.

Katika uchaguzi wa tano walikuja watu kumi na tisa. Mzee Kasimu alikuwa mgombea peke yake. Nilitandika blanketi kwenye kopo moja tu, na hilo lingine nilibaki nalo mapajani. Akapata kumi na tisa kwa sifuri. Sheria ya Umoja ilikuwa jimbo likiwa na wapiga kura chini ya thelathini linaunganishwa na la jirani, kwa hiyo Mzee Kasimu alishinda saa kumi na jimbo likafutwa saa kumi na moja. Alinisaidia kukunja pazia. "Shemeji," akasema, "tulishindaje hivi?" Nilishika pembe yangu ya pazia nikaendelea kukunja. Alikufa akiamini kwamba Wakongomani walitususia kwa ukabila, na mimi nilikuwepo matangani, nikapika, nikagawa chakula, sikumwambia mjane wake, yule mke wa pili, wala watoto wake kwamba haikuwa hivyo.

Basi Umbilo ikamezwa na Cato Manor. Mikutano ikahamia huko, taxi mbili kwenda na mbili kurudi. Watafsiri wa kliniki wakapangwa na watu wasioijua kliniki yetu inafunguliwa saa ngapi. Wale wanawake sita wa Bahati hawakupangwa kamwe. Nayajua majina yao: Noela, Riziki, Fatuma mkubwa, Godeliva, Aline, Mama Shukuru. Wengine wamehama, Riziki amefariki. Wangefanya kazi nzuri.

Mimi nilihamishiwa mlango wa Cato Manor, na huko nilikaa mpaka mwaka huu. Niliuliza kila mtu. Niliwauliza hata watoto wa Dada Hadija ambao nimewabeba mgongoni. Watu walisema Bibi amezeeka, anasahau. Niliwaacha waseme hivyo. Ilikuwa nafuu kuliko kuwaambia kwa nini.

Siku ya kuniaga mlinipamba, mkanivisha shada, mkasema kumbukumbu ya Bibi Mwajuma ni daftari la Umoja. Wengi wenu mlikuwepo mkaona nilivyosimama. Nilisema haya haya niliyoandika hapa, ila kwa ufupi na kwa machozi. Dada Hadija akasema, "Bibi, hayo ni ya zamani." Bahati, ambaye sasa ndiye mjumbe wa Cato Manor na kichwa kimeanza mvi, akasema, "Kwenye marudio ningeshindwa tu, Bibi. Usijitese." Alisema kwa upole, na mimi niliyemjua tangu kijana nilijua haamini.

Mama Furaha hakuwepo. Kwa hiyo kesho yake nikapanda ghorofa ya nne, safari hii bila ndoo, nikisimama kila ghorofa kupumzisha magoti. Bado anakaa pale pale. Godoro analo jipya, Esperansi alimnunulia. Nikamwambia yote, kuanzia Ijumaa niliyopita mlango wake mpaka siku ya kumi na moja. Alinisikiliza akiwa anakata sombe, kile kisamvu chao.

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ile ulikunywa chai hapa chini, kwa mkeka. Nikasema, sasa Bibi ameona, atashuka atasema. Nikangojea."

"Na wewe mbona hukwenda kusema kwa kamati?"

Akaweka kisu chini. "Miye nilisema, Bibi. Mlangoni. Mbele ya batu bote."

Nikamwomba, uchaguzi ujao aje, nitamsindikiza mwenyewe, taxi zote mbili tutapanda pamoja.

"Uchaguzi ya wapi?"

"Wa jimbo."

"Jimbo yetu haiko tena," akasema, akarudi kwenye sombe yake. Kisha akaniambia nikate vitunguu, kama nimekuja kukaa. Nikakata.

Ndivyo ilivyokuwa, kwa kadiri ninavyokumbuka, na sasa mnajua kukumbuka kwangu kuna thamani gani. Kuna mahali sina hakika. Sijui kama Pasta Elia alishinda kwa nne au kwa tatu baada ya kutupa vifungo vya buluu. Sijui kama kijana wa kwenye foleni alikuwa mpwa wa Godeliva au wa Aline. Kuhusu siku ya chai, mimi nakumbuka vikombe viwili; huenda kilikuwa kimoja, nami nimejiongezea muda wa kusema ambao sikuutumia. Wewe uliyekuwepo, au mama yako aliyekuwepo, ukiona niliposema sivyo, njoo uniambie. Na wewe, Mama Furaha, ukisomewa haya, uanze wewe kabla ya wengine. Nikikosolewa nitabisha, ndiyo tabia yangu, nitasema niliona kwa macho yangu. Msininyamazie. Nisahihisheni mpaka mmalize.